Kuwatoa buibui ndani ya nyumba: tunavyofanya kwetu Mikindani

Buibui anafuata vitu vitatu: mdudu wa kula, mwanya wa kupenya na kona isiyoguswa. Nyumba ikiwa na vyote vitatu, utafagia tando asubuhi na jioni utakuta nyingine pale pale. Ndiyo maana maelezo haya nayapanga kwa kufuata vitu hivyo, na dawa ya kupuliza naiweka karibu na mwisho, kwa kuwa faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Nakaa Mikindani, mkoani Mtwara, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa tuliyoachiwa na bibi. Vyumba viwili vya mbele hulala wageni, kwa hiyo habari ya buibui kwangu ni habari ya kazi: mgeni akiona mguu mmoja tu ukichungulia nyuma ya pazia, usiku huo hakulaliki. Na nyumba za namna hii buibui wanazipenda. Kuta ni nene na zina nyufa, boriti za mikoko zina matundu, madirisha ya mbao hayafungi sawasawa, na nyuma kuna jiko la makuti. Mwenye nyumba ya matofali na bati atapata kazi ndogo kuliko yangu, lakini njia ni zile zile.

Kwanza jua unakaa na nani

Si kila buibui ana shida ile ile. Anayechafua kona za dari ni yule mwenye kiwiliwili kidogo na miguu mirefu myembamba. Ukiugusa utando wake anajitikisa kwa kasi mpaka macho yanashindwa kumshika. Mtazame jike kwa karibu utaona amebeba mayai mdomoni, yamefungwa kwa nyuzi chache tu, unaweza hata kuyahesabu. Huyu hana madhara yoyote kwa mtu. Kosa lake ni utando unaokamata vumbi na moshi na kuning'inia mweusi juu ya kichwa cha mgeni.

Wa pili ndiye anayepigiwa kelele: mkubwa, wa kahawia, bapa, miguu ameitandaza pembeni kama kaa, akijinyoosha anaenea kiganja kizima. Hatandi utando wa kunasia. Mchana analala kwenye ufa mwembamba, usiku anatoka kuwinda mende. Jike lake hubeba kifuko cha mayai cheupe, bapa, chini ya tumbo. Ukimbana atauma na utasikia maumivu, ila si buibui wa kuua mtu. Ukiona wengi, jua mende nao ni wengi, na hapo pa kushughulikia ni jikoni na chooni.

Wa tatu ni yule mdogo anayerukaruka ukutani mchana, mwenye macho mawili makubwa mbele, ukimsogelea anakugeukia. Anakula nzi na mbu, hana utando wa kuchafua nyumba. Huyu mimi namwacha, na nawaambia wanaonisaidia usafi wamwache pia.

Wa nne ndiye wa kuangaliwa. Ana tumbo la duara, rangi ya kahawia au kijivu kilichoiva, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, pembetatu mbili zilizogusana ncha. Kifuko chake cha mayai hutakisahau ukishakiona: kiduara kidogo cha rangi ya maziwa yaliyochujuka, kimejaa vichomo pande zote. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika, na anapenda chini ya viti vya plastiki, ndani ya ukingo wa ndoo, nyuma ya mlango wa choo cha nje, katikati ya matofali yaliyopangwa. Ni mwoga, ukimgusa hukunja miguu na kujiangusha. Anauma pale anapominywa: mtu kakaa, kashika ukingo wa ndoo bila kutazama, kavaa kiatu kilicholala nje. Kwa ajili yake tu, pindua viti na ndoo mara kwa mara, na usiingize mkono mahali ambapo jicho halijatangulia.

Mnyime chakula

Anza na taa ya nje. Huku kwetu mvua zikianza, mwezi wa 11 au wa 12, kumbikumbi hutoka ardhini jioni na kuvamia kila penye mwanga. Asubuhi mabawa yamejaa barazani, na siku chache baadaye juu ya mlango kumetandwa kila upande. Taa yetu ilikuwa pale juu ya mlango. Tukaihamishia kwenye nguzo ya mbele ya uwanja, ikawa inamulika mlango kutoka mbali na wadudu wanabaki huko huko kwenye nguzo. Kama huwezi kuhamisha taa, badilisha balbu. Nyeupe kali inayoelekea bluu huvuta wadudu wengi kuliko ya njano. Na mapazia yashushwe kabla ya kuwasha taa za ndani, kabla ya magharibi, usingoje mpaka giza liingie na mbu wawe wamekwisha kujaa dirishani.

Baada ya taa, nenda stoo. Makopa yakikaa muda yanaingiwa na fukusi, na fukusi wakizidi utaona tando nyembamba zimeshuka kutoka kwenye dari hadi mdomo wa gunia. Mbaazi na mahindi ni hivyo hivyo. Toa gunia lote nje, anika juani kwenye turubai, pepeta, kisha hifadhi kwenye pipa au ndoo yenye kifuniko kinachokaza. Gunia lenyewe likung'ute huko nje na uligeuze ndani nje kabla ya kulirudisha, maana mishono ya gunia ndipo vifuko vya mayai vinapojificha.

Msimu wa korosho unaleta mambo yake. Mabibo yakirundikwa nyuma ya nyumba yanachacha, vinzi vya matunda vinakuja kwa wingi, na buibui wanakuja nyuma yao. Najua wengi wanaanika mabibo kupata kochoko, na sisemi waache. Uchaga wa kuanikia uwe mbali na ukuta wa nyumba, na yaliyooza yafukiwe shambani siku ile ile. Samaki wa kuanika, ng'onda na wengineo, vivyo hivyo: nzi wakizoea ukuta wako, buibui nao watauzoea.

Vifuu vya nazi visilundikwe. Kimoja kikikaa kifudifudi ni nyumba ya buibui na nge, kikikaa chali kinashika maji ya mvua na kuzalisha mbu, ambao ndio chakula chenyewe. Tumia vifuu jikoni kama kuni, vinawaka vizuri kuliko karibu kila kitu.

Ziba mianya

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho kila mwenye nyumba akifanye. Usiku zima taa zote za ndani. Mtu asimame nje na tochi, aipitishe polepole pembeni mwa mlango, chini yake, na kuzunguka kila dirisha. Wewe kaa ndani gizani na kipande cha chaki. Kila mwanga unapopenya, weka alama. Kesho yake unajua pa kuanzia bila kubahatisha.

Chini ya mlango tumeweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Unaikata tyubu kwa urefu, unaifungua iwe bapa, unachukua upana wa vidole vinne, kisha unaipigilia upande wa ndani wa mlango ili ncha yake iguse sakafu kidogo. Misumari ikipigwa peke yake inachana mpira baada ya muda, kwa hiyo pitisha kila msumari kwenye kizibo cha soda kilichopondwa bapa, kama mafundi wanavyofanya kwenye bati. Mlango utavutika kwa uzito kidogo siku za mwanzo, halafu mpira unalegea na kuzoea. Mende na tandu nao wanazuiwa na mpira huo huo.

Nyufa za kuta zinategemea nyumba. Ukuta wa matumbawe na chokaa uzibe kwa chokaa, sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga safi usio na chumvi, usichukue wa ufukweni. Kwangua ufa kwanza, piga brashi vumbi litoke, lowesha kwa maji, kisha shindilia. Fundi akikuambia apige saruji kwa sababu ni imara zaidi, mkatalie kwa heshima. Saruji ni ngumu mno kwa ukuta ule, inafungia unyevu ndani, na baada ya masika kadhaa utaona plasta imejitenga na ukuta, imeacha nafasi kubwa kuliko ule ufa wa kwanza. Chokaa inachoma macho, kwa hiyo mchanganyaji avae miwani na glavu. Kwa nyumba ya matofali ya saruji, ziba kwa saruji na mchanga. Nyumba ya udongo, kandika upya kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, kiangazi, kabla mvua hazijarudi.

Madirisha yawe na waya wa mbu usiotoboka, na fremu yake ikae sawa na ukuta. Watu wengi wanaweka waya mzuri halafu pembeni wanaacha nafasi ya kidole. Usisahau kwamba buibui wachanga wa aina nyingi husafiri kwa upepo: wanapanda mahali pa juu, wanatoa uzi, upepo unawabeba. Miezi ya kusi mimi hufuta nyavu za madirisha ya upande wa kusini mara nyingi kuliko za pande nyingine.

Ile nafasi ya juu, kati ya ukuta na paa, usiizibe kwa matofali. Kwa joto la Mtwara nyumba inahitaji hewa ya moto itoke juu. Kata waya wa mbu, ukunje ukingo wake, upigilie kwenye boriti na ukutani. Hewa inapita, mdudu anabaki nje.

Kufagia kwenyewe

Zana ni mwanzi mrefu na ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye ncha, juu yake zungusha kitambaa chenye unyevu kidogo. Ufagio mkavu peke yake unaurarua utando na kuacha nyuzi zikielea, kitambaa kinaushika. Usiusukume utando ukutani, utaacha alama nyeusi kwenye chokaa. Uzungushe mwanzi polepole utando ujiviringishe kwenye kitambaa, na anza juu kushuka, mlango wa mbali kuja mlango wa karibu.

Mchana tando nyingi hazionekani. Shika tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga uende sambamba nao, na ghafla utaona nyuzi zinang'aa mahali ulipodhani pasafi. Tazama nyuma ya saa ya ukutani, nyuma ya kalenda, juu ya fremu ya mlango, chini ya ubao wa dirisha, kwenye mikunjo ya juu ya mapazia, chini ya kitanda pale chaga zinapokutana na mbavu.

Kinachotafutwa hasa ni kifuko cha mayai. Ukiondoa utando ukaacha kifuko, umefanya kazi ya kudumu siku tatu tu. Kimoja kinaweza kutoa makumi ya buibui, na aina nyingine mia na zaidi. Kila unachokipata kidondoshe kwenye kopo la maji ya sabuni na ukisukume kizame, kwa sababu hariri yake inaelea. Usikitupe dirishani.

Kwetu kazi hii ni ya kila Jumamosi kwa vyumba vya wageni, na nyumba nzima mara moja kwa mwezi. Kabla ya mvua, mwezi wa 10, tunatoa kila kitu nje: magodoro, masanduku, mikeka, viatu. Maboksi ya karatasi nimeyaondoa kabisa ndani, nguo zisizovaliwa ziko kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko. Vitanda vimesogezwa vimeachana na ukuta upana wa mkono. Haya hayagharimu kitu na yanapunguza buibui kuliko chupa yoyote ya dukani.

Nje, mita moja kuzunguka ukuta iwe wazi, hakuna nyasi ndefu, hakuna kuni zilizoegemezwa, hakuna matofali ya akiba. Kuku wakipita pale kila siku watakusaidia sana. Na juu ya ukuta wa nje ukiona vijumba vya udongo vya nyigu, virefu vyembamba vilivyopangwa sambamba, fikiri kabla ya kuvibomoa. Nilivunja kimoja kilichoanguka, ndani mlikuwa na buibui wadogo wamebanana, wamepooza, na kinda la nyigu linawala mmoja mmoja. Nyigu huyu ni mpole na anawinda buibui kutwa nzima. Vilivyo mbali na mlango naviacha.

Penye makuti

Paa la makuti halizibiki wala halifagiki likaisha. Ukifagia juu sana utayavunja makuti na mvua zitakukuta chini. Kinachowezekana ni kutenganisha paa na wewe. Tandika kitambaa chepesi juu ya kitanda, kifungwe kwenye kona nne kikaze, ukifue kila mwisho wa mwezi. Chini yake chandarua, na pindo zake zichomekwe chini ya godoro pande zote, si kuachwa zikining'inia. Chandarua kilichochomekwa ndicho kinga bora ya buibui kitandani, achilia mbali mbu. Mtoto mchanga asilazwe chini ya makuti bila hivyo viwili.

Kumtoa aliye hai

Bibi alikuwa akimwona buibui anasema, "Mtoe nje, mjukuu wangu, usimuue." Wazee wengi wa huku pwani wanashika hivyo, kwa kumbukumbu ya buibui aliyetanda mlangoni mwa pango alimositirika Mtume. Nami nimeendelea nayo, na kwa kweli ni njia safi: buibui mkubwa akipigwa kwa kandambili ukutani anaacha doa lisilotoka kwenye chokaa, na jike lenye wana mgongoni au kifuko tumboni ukilipiga, wana wanasambaa chumba kizima.

Chukua bilauri au kopo la plastiki angavu, mfunike taratibu pale alipo, kisha pitisha karatasi ngumu, jalada la kalenda linatosha, kati ya mdomo wa bilauri na ukuta. Mpeleke mbali na nyumba, kwenye mti au ua wa nyuma. Yule mwenye alama ya chungwa simbebi. Huyo namminya kwa fimbo na kifuko chake nakizamisha.

Kuhusu dawa

Dawa ya kupuliza ya dukani inamuua buibui ikimlowesha mwenyewe. Ile ya kupaka ukutani ikauke inafanya kazi vizuri kwa mende, kwa sababu mende anajiburuta na kujilamba. Buibui anatembea kwa ncha za miguu, mwili uko juu, na mwingi wa muda yuko kwenye utando wake, hagusi ukuta. Ukiamua kupuliza, elekeza kwenye nyufa na nyuma ya makabati, toa vyombo na watoto, fungua madirisha baadaye. Dawa nyingi za namna hii ni hatari sana kwa samaki, kwa hiyo usioshee pampu kwenye mkondo wala karibu na mikoko. Paka nao hudhurika vibaya na baadhi yake.

Limao watu wanalisifu. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha mafuta ya limao hayakuwazuia buibui, wakati mafuta ya mnanaa yaliwafanya baadhi ya aina wakwepe mahali yalipopakwa. Mnanaa ukiupenda paka kwenye fremu za madirisha, harufu yake nzuri, lakini inapotea haraka na mwanya unabaki.

Mambo mawili nawasihi ndugu zangu wakulima muache. Moja ni salfa. Wakati wa kupulizia mikorosho inakuwepo karibu kila nyumba, na wapo wanaoimwaga pembezoni mwa vyumba kufukuza nyoka na buibui. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ikae shambani. Ndani inawasha macho na kifua, na ikishika moto moshi wake ni sumu, na vyumba vyetu vina watoto wanaotambaa. La pili ni kupaka mafuta ya taa kwenye boriti. Jiko lenye makuti na boriti zilizolowa mafuta ya taa linangoja cheche moja.

Akimuuma mtu

Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye nguo. Vua pete au bangili ikiwa ni mkono, kabla haujavimba. Usichanje, usinyonye, usipake kinyesi wala mafuta ya gari. Mara nyingi huishia kwenye uvimbe na muwasho wa siku mbili tatu. Lakini maumivu yakipanda, misuli ya tumbo au mgongo ikikaza, jasho likitoka kwa wingi, mtu akapumua kwa shida, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, usingoje kupambazuke. Sisi wa Mikindani hukimbilia hospitali ya Ligula. Ukiweza kumpata buibui bila kujihatarisha, mtie kwenye chupa yenye kifuniko, hata kama ameshakufa, uende naye daktari amwone.